Springi za Watu Wawili

Kitu cha kwanza alichokiona binti ni taa. Taa nyekundu ya nyuma ya pikipiki ya baba yake ilikuwa imepanda juu.

Zamani, kila Jumapili asubuhi, mama alipokaa siti ya nyuma, pikipiki ilishuka taratibu kama mtu anayeketi baada ya kazi nzito, na ile taa ikawa sawasawa na tofali moja lililovunjika pembe kwenye ukuta wa jirani. Binti alikuwa akitazama kutoka dirishani. Taa ikifika kwenye tofali, basi wanaondoka. Sasa mama amefariki, baba anaondoka peke yake, na taa inapita juu ya lile tofali. Binti hakumwambia mtu. Utaanzaje kumwambia mtu kwamba taa imepanda?

Tena yeye hakuwa mtu wa kuanza maneno. Aliacha shule kabla ya kumaliza darasa la sita, mama alipoanza kuugua, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kutia vifungo, kupiga pindo na kunyoosha nguo za wateja. Baba alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa kiwanda: meza ya kukatia, cherehani mbili, na majora ya vitambaa yaliyosimama ukutani kama watu wanaosubiri zamu. Cherehani ya mama ilikuwa imefunikwa shuka. Baba na binti walifanya kazi mchana kutwa wakiwa wamepeana migongo.

"Mkasi."

"Huu hapa."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Mama ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba, na alipoondoka aliondoka nao.

Siku ya msiba watu walijaa mpaka barabarani. Walimshika baba mkono wakamwambia, "Pole, ndugu yetu, umefiwa." Walipofika kwa binti walimshika bega wakamwambia, "Mwangalie baba yako. Amefiwa." Akaitikia, "Nitamwangalia." Na kweli alimwangalia. Alimwangalia akila, alimwangalia akiacha kula. Jumapili alimwangalia akiondoka. Alikokwenda hakujua, kwa sababu hata enzi za mama hakuwahi kuchukuliwa. Pikipiki ni ya watu wawili, na wawili walikuwa wametimia.

Pikipiki yenyewe ilikuwa imemzidi binti umri. Injini ilikuwa bado na pumzi, lakini shokapu za nyuma zilikuwa zimechoka hoi, na miguu ya mbele, ile inayoshika tairi, ilivuja mafuta mpaka kwenye rimu. Mbele ya nyumba kulikuwa na mtaro uliozibwa kwa ubao, na hapo ndipo safari ilipoanza kwa kishindo. Wakishavuka, baba aliuliza bila kugeuka, "Mgongo mzima?" Mama akajibu, "Umebaki nusu." Kila Jumapili, swali lile lile, jibu lile lile, na wote wawili wakacheka kama ni jipya. Jioni mama alishuka ameshika kiuno. "Fundi wangu, mashimo yote ya barabara hii yananijua kwa jina."

"Nitakuwekea shokapu mpya," baba alisema. "Utakaa kama uko kwenye kochi."

Alisema hivyo mwaka mmoja, akasema tena mwaka uliofuata. Ahadi ni deni. Mama akaugua, akaacha kupanda pikipiki, akafa, na shokapu zilikuwa zile zile.

Ndiyo maana binti alishtuka siku baba alipoingia na boksi na kulifungua juu ya meza ya kukatia. Ndani kulikuwa na shokapu mbili mpya na springi ndefu mbili za miguu ya mbele, zinang'aa kama vijiko vya harusi.

"Njoo unisaidie kulibeba mpaka kwa Grisi," baba alisema.

Gereji ya Grisi ilikuwa mwisho wa mtaa. Baba aliisukuma pikipiki kwa mikono, binti akafuata nyuma amekumbatia boksi. Barabara ilikuwa kavu na injini ilikuwa nzima. Baba hakusema, "Panda."

Grisi alikuwa bonge la mtu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na mdomo usiokuwa na breki.

"Karibu, fundi wa sindano."

"Nimekaribia, fundi wa nyundo."

"Shikamoo, Fundi," binti alisema, kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Kumbe anasema? Wewe binti, ukiazimwa mdomo utaurudisha mpya, bado uko kwenye karatasi yake."

Binti alitabasamu akiangalia viatu vyake. Grisi alianza kazi. Alifungua miguu ya mbele, akamwaga mafuta ya zamani kwenye beseni, meusi, yananuka kama samaki aliyesahauliwa. Akachomoa springi kuukuu na kuzilaza chini pembeni ya zile mpya. Zilikuwa fupi kwa urefu wa kidole gumba.

"Unaona? Zimebeba mpaka zimefupika. Kama sisi."

Akaweka sili mpya za kuzuia mafuta yasivuje, akatia springi mpya na mafuta mazito zaidi. Kisha akahamia nyuma na kufunga zile shokapu. Kila moja ilikuwa na pete yenye meno chini ya springi. Ukiizungusha kwa spana, springi inakaza au inalegea. Grisi alishika spana, akauliza kama anavyowauliza wateja wote:

"Inabeba wangapi?"

Baba alikuwa anafuta mikono yake, ingawa haikuwa na uchafu. "Wawili."

Spana ilisimama. Grisi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alimtazama baba, akaitazama siti.

"Sawa. Basi mlete wa pili akae, nipime."

"Kaza tu, Fundi."

"Siwezi kukaza kwa kukisia. Springi haina masikio. Ukiiambia wawili haielewi, mpaka ikaliwe. Nyie mkikaa, inatakiwa ishuke vidole vitatu. Isiposhuka, itawarusha. Ikishuka zaidi, itagonga." Akasita kidogo. "Kwani wewe unakata suruali bila kumpima mwenyewe?"

Hilo lilimfika baba. Akasema, "Narudi."

Binti alikuwa amesimama hapo hapo, hatua mbili kutoka kwenye siti, mikononi ana boksi tupu. Alifungua mdomo. Baba akampita.

Aliporudi alikuwa amebeba majora ya vitambaa begani: kaki, kitambaa kizito cha makoti na kile cha mapazia. Alikuwa ameyapitisha kwenye mizani ya muuza nafaka, akiongeza na kupunguza, mpaka mshale ukasimama pale alipotaka. Aliyafunga kwenye siti ya nyuma kwa mipira, akayakaza vizuri, halafu akapanda mbele yake.

"Huyu ndiye wa pili," alisema. "Pima."

Angekuwa mtu mwingine, Grisi angecheka hadi wiki iishe. Hakucheka. Alimvua baba tepu iliyokuwa shingoni, akachuchumaa, akapima kutoka kwenye ekseli hadi chini ya siti, akakaza, akapima tena. Binti alikuwa ameshika usukani ili pikipiki isimame wima. Akaona mkono wa baba unakwenda nyuma taratibu, ukayagusa yale majora, kama mtu anayehakikisha kwamba mwenzake amekaa vizuri. Binti aligeuza uso akatazama tairi.

Jumapili baba aliondoka. Taa ilikuwa juu kuliko siku zote. Alipovuka ubao wa mtaro, pikipiki ilimrusha akainuka kwenye siti. Mdomo wake ukasogea. Binti hakusikia, lakini alijua ameuliza nini.

Alirudi mapema. Kioo kimoja cha pembeni hakikuwepo, mkono wa shati ulikuwa umechanika, na kiwiko kilikuwa kinatoka damu.

"Ni tuta tu," alisema. "Shokapu mpya zinataka kuzoewa. Kama viatu."

Binti alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Alishona mkono wa shati kwa mshono mdogo mdogo ambao baba mwenyewe angetafuta asiuone. Usiku ule alilala akisikiliza kama baba anapumua.

Kesho yake alikwenda gereji peke yake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na alipofika yote yakamtoroka. Alisimama mlangoni mpaka Grisi akamwona.

"Kaanguka," alisema.

Grisi aliweka chini alichoshika. Safari hii hakutania. "Nilijua. Springi zimekazwa za watu wawili, anakaa mmoja. Nyuma panakuwa pagumu, tairi inaruka, haishiki barabara. Kwenye tuta atapona. Kwenye kona, siku moja, haitamrudisha. Mwambie alete nilegeze."

"Mwambie wewe, Fundi. Mimi hanisikii."

"Nimeshamwambia. Alipita hapa asubuhi hii hii. Anasema nikilegeza, basi."

"Basi nini?"

"Hakumalizia, mwanangu."

Binti alitazama mafuta yaliyomwagika sakafuni. Lile neno halikuhitaji kumaliziwa. Springi zikilegezwa, pikipiki itakuwa ya mtu mmoja, na baba atakuwa mtu mmoja.

"Jumapili utakuwepo?" aliuliza.

"Jumapili nafunga."

"Nakuomba."

Grisi alimtazama kwa muda. "Kwa hayo maneno machache uliyotumia leo," alisema, "nitafungua."

Jumapili baba alipotoka alimkuta binti amesimama kando ya pikipiki. Kichwani alikuwa amevaa helmeti ya mama, ile iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango na ambayo hakuna aliyeigusa tangu msiba. Ndani ilikuwa bado inanukia mafuta ya nywele ya mama. Baba alisimama na ufunguo mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Grisi."

"Jumapili amefunga."

"Anatusubiri."

Baba aliangalia helmeti, akaangalia barabara, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa. Binti alidhani atarudi ndani. Akawahi yeye kupanda pikipiki, akakaa siti ya nyuma, miguu juu ya vyuma vya kukanyagia. Pikipiki ikashuka kidogo. Alitaka kujua kama taa imefika kwenye tofali, lakini kwa mara ya kwanza hakuweza kuiona. Alikuwa ameikalia.

Baba naye akapanda. Wakaenda mpaka gereji.

Grisi alichuchumaa na tepu, akapima, akapima tena. "Huyu ni mwepesi," alisema. "Mwepesi kuliko yule wa majora."

"Kwa kiasi gani?"

"Meno mawili."

Alishika spana lakini hakuigusa pete. Alimsubiri baba.

"Pale ulipokaza," baba alisema, "ndipo kipimo cha mama yake."

Baba hakuwa amemtaja mama tangu siku ya msiba.

"Najua, Fundi," Grisi alisema.

Baba aliinama, akaitazama ile pete, akaitazama kwa muda mrefu kama anayetafuta uzi ulioanguka sakafuni.

"Legeza," alisema.

Ka. Ka. Grisi akahamia upande wa pili. Ka. Ka. Halafu akapiga siti kwa kiganja, akainuka, akasema barabara ni yao.

Walitoka mjini kwa njia ambayo binti alikuwa haijui. Nyumba zikapungua, upepo ukaongezeka. Pikipiki ilikuwa imetulia, inakwenda kama pasi juu ya kitambaa kilicholoweshwa. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa baba tu, na ule mshono wake mdogo mdogo kwenye mkono wa shati. Binti akaelewa kwa nini mama alikuwa akirudi anacheka, na mgongo unamuuma. Hapa nyuma hakuna anayekutazama usoni. Unaweza kusema unachotaka, kikaenda na upepo au kikafika.

Likaja tuta. Pikipiki ikapanda, ikashuka, ikazama mara moja kwa upole, ikatulia.

"Mgongo mzima?" baba aliuliza.

Ilimtoka tu. Binti aliona mabega yake yamekakamaa, kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Alilijua jibu. Alikuwa amelisikia dirishani miaka yote. Lakini lile lilikuwa jibu la mama.

"Mzima," alisema.

Baba akaitikia kwa kichwa. Wakaenda kidogo. Binti akasogeza mikono yake, akamshika baba kiunoni, akaisogeza helmeti karibu na sikio lake.

"Baba," alisema. "Na mimi nilifiwa."