Viti Vinavyotazama Ukuta

Mama ndiye aliyeuchagua mkahawa ule, nami nilinuna tangu mlangoni. Zamani ulikuwa ukumbi wa sinema, na mwenyewe hakutaka kubadilisha kitu. Viti vyote vilitazama upande mmoja, kwenye ukuta mweupe mtupu. Mhudumu, mzee mkongwe, alitupokea akiwa na tochi mchana kweupe, akatumulikia njia hadi safu ya nyuma.

"Mama, hapa watu wanakula au wanasubiri picha ianze?"

"Kaa, mwanangu. Mdomo utakuchoka kabla hujatafuna."

Sahani zetu ziliwekwa kwenye ubao uliopigiliwa mgongoni mwa viti vya mbele. Tukala bega kwa bega. Tangu tumzike baba, mama alikuwa akidonoadonoa tu chakula. Siku hiyo alimaliza sahani nzima.

"Hapa ndipo baba yako aliponiambia ananitaka," alisema, macho ukutani. "Aliona haya kunitazama usoni. Akaiambia picha, nami nikaijibu picha."

Nikautazama ukuta ule mtupu. Miaka yote nyumbani, baba alikiweka kiti chake ubavuni mwa mama, wakala huku wameelekea ukuta wa jikoni. Sisi watoto tulikaa ng'ambo ya meza tukiwacheka. Mimi nilidhani ni ukaidi wa mzee tu.

Jioni nyumbani, mama alipopakua chakula, nilibeba kiti changu nikazunguka meza, nikakaa ubavuni mwake.

Mama akasogea kidogo kunipisha.

"Nyamaza sasa," akasema. "Picha inaanza."