Mtumwa ni Aliyetumwa

Yakoub alikuwa mshenga wa watu wengi pale Tanga, na alikuwa na maringo kwa kazi hiyo, kwani hajapata kukataliwa posa hata mara moja. Siku hiyo alikwenda Ushongo kumposea mpwa wake, Hija. Kijana alikuwa amekonda kwa mapenzi, akiapa kwamba akimkosa Mwanamwema hataoa mwingine. Yakoub hakujaliwa mtoto, naye alimpenda Hija kama wa kumzaa mwenyewe.

Bibi wa binti, Bi Tuhfa, alimkaribisha mkekani akammiminia kahawa. Mwanamwema alikuwa nyuma ya pazia, kimya. Maongezi yalikwenda vizuri, vizuri mno, ndipo Yakoub akajisahau. Mshenga hodari hujishusha, naye akataka kujishusha.

"Bibi, mimi sina langu hapa. Mimi mtumwa tu."

Kikombe cha Bi Tuhfa kikakomea njiani, hakikufika mdomoni.

"Mtumwa?"

Jasho likamtoka Yakoub. Ulaaniwe ulimi huu! Nani asiyejua kwamba wazee wa nyumba hii waliletwa Pangani kwa minyororo, kulima miwa ya watu? Mwenye adabu zake halitamki neno hilo mbele yao.

"Nimekusudia aliyetumwa, bibi," akajitetea mbiombio. "Mpendwa ni aliyependwa, mteule ni aliyeteuliwa. Na mtumwa ni aliyetumwa, basi. Neno halina kosa, watu ndio waliolichafua."

Bi Tuhfa alimkazia macho mpaka akainamisha yake.

"Aliyetumwa hurudi kwao na majibu. Bibi yangu mimi alirudi lini?"

Yakoub akakitua kikombe chake mkekani. Aliona haya, haya ya kweli. Posa aliiona inamponyoka, na uso wa Hija ukamjia.

Kikongwe akashusha pumzi. "Umeteleza, mwanangu, nimekusamehe. Mtoto nitamtoa. Ila baba yake Hija aje mwenyewe, akae hapo ulipokaa wewe, aniombe kwa kinywa chake."

Pazia likacheza. Yakoub nusura aangue kicheko kwa faraja. Papo hapo simu yake ikalia, na mpigaji ni Mselem, baba yake Hija. Simu yenyewe mbovu, bila kuwekwa spika haisikiki kitu. Kwa furaha aliyokuwa nayo akaiweka spika, wala hakufikiri.

"Shemeji, wamekubali! Ila bibi anataka uje Ushongo wewe mwenyewe."

"Nani, mimi?" Sauti ya Mselem ikajaa chumba kizima. "Mimi nikawapigie magoti watumwa wale?"

Yakoub aliikata simu upesi. Nyuma ya pazia Mwanamwema akaangua kilio.

Bi Tuhfa akajikongoja akainuka, akaenda kumfungulia mgeni mlango.

"Haya, mwanangu," alisema, "nifasirie na neno la huyo."