Goti la Nerima

Nerima alikuwa amejifunza kushuka ngazi kinyumenyume, kashika ukuta, mguu wa kulia umenyooka kama mti. Asubuhi hiyo hakwenda kupanga dagaa wa omena kwenye kibanda chake sokoni Jericho. Alimwachia jirani, akaenda Komarock, kwenye kliniki iliyompasua goti kwa leza.

"Ni uzito, mama. Na umri," daktari alisema bila hata kuligusa goti.

"Nilikuja hapa nachechemea tu, daktari. Sasa siwezi kuchutama. Kanisani nasali nimeketi. Hospitali ya serikali wameniambia joto la leza lilichoma gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa isisagane. Wanasema haurudi."

"Hao hawakuwa hapa wakati wa upasuaji." Daktari alitazama simu yake. "Sikia, tutakufanyia tena, bure. Ila haya tuyamalize sisi wawili. Usiyapeleke huko nje."

"Kwa leza ileile?"

Daktari alirudia kutazama simu yake.

Nerima alijiinua kwa kushika ukingo wa meza. Mapokezini alikuwepo dereva wa lori, jina lake Ndolo, suruali kaikunja juu ya goti lililovimba.

"Mathe, na wewe ulifanyiwa hii ya leza? Mimi naingia saa hizi. Wanasema jioni niko keja."

Shiru, msichana wa mapokezi, alidakia, "Mama anaondoka. Mama, njia ni huku."

Nerima alitazama mlango. Angeweza kutoka tu, akasubiri hiyo operesheni ya bure. Akaketi kando ya Ndolo, akapandisha rinda.

"Weka mkono hapa."

Alikunja goti polepole, akiuma meno. Ndolo alihisi mifupa ikikwaruzana chini ya kiganja chake. Akautoa mkono haraka.

"Hata mimi nilirudi nyumbani jioni ileile," Nerima alisema. "Hapo hawakudanganyi."

Askari wa mlangoni alikuja. "Mathe, usiniletee shida. Twende."

"Nitaenda nikishamjibu. Ameniuliza mimi."

Askari alimshika bega. Nerima aling'ang'ania kiti, akapandisha sauti, akaeleza yote: leza, gegedu, na ahadi aliyopewa ili anyamaze. Wagonjwa wote waligeuka. Mwanamke mmoja alisogea karibu ili asikie vizuri.

Shiru aliita jina la Ndolo. Ndolo hakusimama.

"Mwambie daktari aje hapa," alisema, akikunjua suruali yake. "Mambo yangu atanieleza mbele ya huyu mathe."