Foleni Iliyopita Sebuleni

Nailantei alipobisha mlango, Aketch alikuwa akifyeka nyasi za sebuleni kwake, ghorofa ya tatu. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, televisheni imefunikwa kwa leso, na ndoo ya nyasi zilizokatwa imewekwa kando ya mlango wa jikoni. Aketch alijipangusa jasho kwa mkono wa blauzi, akamkaribisha mgeni na kumwomba avue viatu, maana umande ulikuwa bado haujakauka na matope yalikuwa yakiingia chumba cha kulala.

"Si unajua hii mvua ya juzi," alisema. "Zimemea vibaya. Wa ground ndio wako na msitu kabisa. Mama Melvin ameleta mbuzi."

Nailantei aliweka mashine yake ya kupimia juu ya meza ya kahawa. Alikuwa mpimaji ardhi, mwanamke mrefu, mzaliwa wa Isinya, na mwaka huo alikuwa ameajiriwa na Jopo la Ukaguzi wa Ardhi ya Umma, lililokuwa limekodi ofisi mjini Kajiado. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Kitengela yote akitafuta kila kipande cha ardhi kilichotengewa wananchi: viwanja vya mpira, bustani, shule, masoko, makaburi. Kwenye ramani ya zamani, pale alipokaa Aketch palikuwa uwanja wa michezo. Mashine nayo ilisema vivyo hivyo. Nyasi zilikuwa zimeanza kutoboa saruji mwaka ule ule jumba lilipomalizika, zikapasua vigae kutoka chini hadi juu, na landilodi akaongeza sharti kwenye mkataba kwamba kila mpangaji atafyeka zake.

"Na mpira?" Nailantei aliuliza.

"Ni jioni tu. Vijana wanatokea kwa huu ukuta, wanaenda mpaka kwa jirani, wanarudi." Aketch alielekeza panga kwenye kona palipokuwa na goli. "Hawasumbui. Bora nitoe vyombo mapema."

Nailantei aliandika: uwanja upo, umejengewa. Akavaa viatu, akashuka.

Mchana alikuwa kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara ya Namanga. Hapo palikuwa mapito ya mifugo, njia pana ambayo ng'ombe walifuata kwenda mtoni kabla ya mji kuwazingira. Njia ilikuwa imeuzwa kwa vipande, na vipande vikawa na hati. Lakini ng'ombe walikuwa wakipita bado. Waliingia dukani wakipitia kwenye friji za soda, wakakatiza katikati ya rafu za mikate, wakatokea upande wa pili kupitia ukuta wa choo, vumbi lao likitanda juu ya magari. Morgan, kijana wa kujaza mafuta, alikuwa amekwisha kuning'iniza mpira wa pampu na kukunja mikono.

"Madam, ngoja wapite," alisema. "Ukianza kupima saa hii watakukanyagia vitu."

Nailantei alingoja. Aliwatambua baadhi ya ng'ombe kwa alama za masikio. Walikuwa wa watu wa ukoo wa baba yake, ng'ombe waliokufa kwenye ukame njia ilipofungwa. Walipokwisha kupita aliandika: njia ipo, imejengewa.

Jioni hiyo alirudi nyumbani amechoka, na kama kawaida akakuta sebule imejaa watu.

Yeye na mumewe, Felix Wakhungu, mwalimu wa hesabu kutoka Webuye, walikuwa wamenunua nyumba hiyo miaka michache iliyopita. Ilikuwa nyumba nzuri ya vyumba vitatu yenye ua na tangi la maji. Watu hao walianza kuja tangu wiki ya kwanza. Walifika asubuhi, wakakaa kwenye makochi, kwenye viti vya kulia, na wengine sakafuni, jua likizama wakaondoka bila kelele. Wengi walikuwa akina mama wenye watoto wachanga. Kulikuwa na mzee aliyekohoa kwenye leso, na msichana aliyekuwa ameungua mkono. Hawakuomba chochote. Cindy, binti wa nyumba, alizoea kufanyia homework kitandani kwa sababu meza haikuwahi kuwa wazi.

Nailantei alidhani ni watu wa Felix, wa kanisani kwake ama kutoka magharibi. Felix naye alidhani ni wakwe zake wa Isinya, na kwao mtu hamuulizi mkwe anaondoka lini. Kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa heshima ya mwenzake na kuendelea kununua majani ya chai.

Sasa Nailantei alisimama mlangoni na mashine yake begani, akawatazama kama alivyowatazama wale ng'ombe mchana.

"Baba Cindy," aliita. "Hawa watu ni wa kwenu?"

Felix alitoka jikoni na sufuria mkononi. "Si ni wa kwenu?"

Mwanamke aliyekaa karibu na dirisha alimhamishia mtoto bega la pili, akajibu kwa adabu, "Sisi ni wa zahanati."

Nailantei hakuhitaji kuwasha mashine, lakini aliiwasha. Sebule, vyumba vitatu, jiko, ua na tangi, vyote vilikuwa ndani ya ploti iliyotengewa zahanati ya umma ya Noonkopir.

"Lakini tulifanya search kwa ofisi ya ardhi," Felix alisema. "Wewe mwenyewe ndio ulifanya. Ilikuwa clean."

"Walioiba ndio walikuwa na mihuri. Ingekosaje kuwa clean?"

Felix aliweka sufuria chini. Mzee wa kikohozi alisogeza miguu kumpisha.

Kwa mara ya kwanza tangu wahamie, Nailantei aliona kwamba walikuwa wamekaa kwa foleni, akaamua kuifuata aone inaishia wapi. Ilipita kando ya makochi, ikaingia jikoni kati ya jiko la gesi na sinki, ikatoka kwa mlango wa nyuma, ikazunguka tangi na kufuata ukuta wa ua. Siku zote alikuwa akianika nguo pale bila kuwatazama usoni, akidhani ni watu wa jirani waliokuja kuchota maji. Alipita akiwasalimu mmoja mmoja, nao wakamjibu.

Nyuma ya tangi, amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, alikuwa Soila, dada yake.

Soila alikuwa amevaa lile gauni la kijani la siku ile, na tumbo lake lilikuwa bado kubwa. Chini ya miguu yake udongo ulikuwa na unyevu mwekundu.

"Sopa," Nailantei alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," Soila aliitikia. "Umenenepa."

Nailantei alichuchumaa mbele yake. Alitaka kumshika mikono, akamshika. Ilikuwa baridi kidogo, kama ya mtu aliyetoka kufua.

"Umekuwa hapa siku zote hizi?"

"Tangu ile siku. Nilikuona ukihamia. Ukileta hiyo meza kubwa. Nikasema nisikuite, uko na kazi."

"Na mtoto?"

"Anacheza asubuhi sana. Saa hii amelala."

Siku ile Soila alikuwa amepatwa na uchungu katika chumba alichopanga karibu na soko. Damu ilipoanza kutoka kwa wingi, walimpakia kwenye Probox ya jirani kumkimbiza Kajiado. Nailantei alikaa kiti cha nyuma akiwa amempakata kichwa. Kabla hawajafika Isinya, malori yalikuwa yamefunga barabara kote. Kichwa kilizidi kuwa kizito mapajani mwake, na baadaye dereva akazima taa za hatari na kugeuza gari.

"Mlinipitisha hapa," Soila alisema. Hakuwa akilaumu. "Kulikuwa na kibao tu cha zahanati kwa nyasi. Dereva hakusimama. Angesimamia nini?"

Jua lilikuwa likizama. Soila aliinuka kwa kujishika kiuno na kuondoka pamoja na wenzake, kila mtu akikumbuka aliyekuwa mbele yake.

Usiku huo mume na mke hawakugombana. Felix alisema jambo moja tu: kwamba nyumba hiyo ndiyo yote waliyokuwa nayo, na kwamba kuna watu walioiba mji mzima na bado wanaalikwa kuongoza michango ya kanisa. Nailantei akasema ni kweli. Felix akamwuliza kama ataiandika. Akasema ataiandika. Felix aligeukia ukuta, akasema, "Basi andika zote. Usiandike yetu peke yake."

Aliandika zote.

Mwenyekiti wa jopo aliitwa Lemein. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambaa cheupe mfukoni, na aliyapokea makaratasi kwa mikono miwili. Alipofika kwenye ploti ya zahanati alivua miwani.

"Nailantei, dada yangu. Hii ni kwako."

"Ndiyo."

"Tunaweza kuisahau. Hakuna mtu atauliza."

"Kuna mtu anangoja hapo, mzee."

Lemein aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Sawa. Wewe ni mtu wa ukweli. Tunahitaji watu kama wewe."

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi mjini Kajiado, mbele ya wananchi, baada ya maombi. Lemein alisoma kwa sauti tulivu. Kuhusu uwanja wa michezo, jopo lilikuwa limeridhika kwamba nyasi zipo, zinamea vizuri, na mpira unachezwa kila jioni. Kwa hivyo umma haujapoteza kitu, na mwenye jumba apongezwe kwa kuutunza uwanja. Kuhusu mapito ya mifugo, ng'ombe walikuwa wakipita bila kuzuiwa, na kituo cha mafuta kilikuwa kimewapa hata kivuli. Bustani, soko na makaburi vilikwenda hivyo hivyo. Aketch, aliyekuwa amechukua likizo ili aje kusikiliza, aliinua mkono akauliza ni nani atakuwa akifyeka. Akaambiwa swali lake ni la mpangaji na mwenye nyumba.

"Kuhusu zahanati," Lemein aliendelea, "wagonjwa wapo, lakini daktari hayupo. Hapa umma umenyimwa huduma. Nyumba hiyo ibomolewe."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wamengoja tangu asubuhi kusikia kuna kitu kitabomolewa.

Tingatinga lilikuja wiki iliyofuata, pamoja na polisi na mwandishi wa habari. Felix alikuwa amekwisha kutoa vitanda na madirisha. Wagonjwa waliombwa kusimama kando, wakasimama kando na watoto wao, na ukuta wa sebule ulipoanguka wakafunika pua kwa leso. Vumbi lilipotulia walirudi kwenye kifusi wakakaa kwa mpangilio ule ule. Mzee wa kikohozi alipata jiwe zuri lenye mgongo. Picha ya tingatinga ilitoka gazetini, na chini yake maneno kwamba ardhi ya umma imerudi kwa wenyewe.

Familia ilihamia Nkoroi, upande wa Rongai, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Felix alipata shule huko. Hakuwahi kumsuta mkewe, lakini aliacha kabisa kusoma magazeti. Jopo lilimaliza kazi yake, likavunjwa, na Lemein akapata jopo lingine.

Kabla ya mwaka kuisha, ploti ile ilikabidhiwa mwekezaji aliyeahidi kuwaletea wananchi huduma za afya. Alijenga hospitali ya ghorofa mbili yenye vioo vya buluu na geti la umeme. Daktari alikuwapo, tena si mmoja. Foleni ya zamani iliombwa kukaa nje, kwenye benchi refu kando ya ukuta, kwa sababu wagonjwa wenye kadi za bima hawakupenda kuruka miguu ya watu.

Nailantei alikuja Jumamosi moja na uji kwenye thamosi. Kwanza aliingia ndani, akaenda hadi kaunta. Msichana wa mapokezi aliitwa Rachel. Jina lilikuwa kifuani.

"Niko na mgonjwa hapo nje," Nailantei alisema. "Anavuja damu. Amengoja sana."

Rachel aliomba namba ya kitambulisho, akaipiga kwenye kompyuta. "Soila Lesiamon?"

"Ndiyo."

"System inasema aliaga dunia."

"Ni kweli. Mimi ndio nilienda kuandikisha."

"Pole, auntie. Basi siwezi kufungua file. Angechukua bima kabla, labda tungejaribu." Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, akaita aliyefuata.

Nailantei alitoka nje. Soila alikuwa amesogea karibu na geti. Hapo palikuwa na jua kali na hapakuwa na kivuli.

"Wamesema nini?"

"Hawakuchukui." Nailantei alikaa pembeni yake. "Twende nyumbani. Nkoroi si mbali. Kuna kitanda. Nitakukanda mgongo."

Soila aliangalia mbele, akawaona wale waliomtangulia. Akaangalia nyuma, foleni ilikuwa imekata kona na kufuata barabara.

"Nikitoka, nitapoteza nafasi yangu," alisema.

Nailantei alimwambia basi aamke tu anyooshe miguu, yeye atamshikia nafasi. Soila akakubali. Alitembea polepole kando ya ukuta, mkono kiunoni, na mlinzi wa geti akampisha. Mwanamke aliyekuwa nyuma yao alimsogelea Nailantei akamwuliza yeye anaumwa nini. Nailantei alisema haumwi. Yule mwanamke akamtazama vizuri, kisha akamsogezea mtoto wake mapajani amshikie kidogo, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekufa ganzi.

Mtoto alikuwa mwepesi sana. Mlango wa kioo ukafunguka, mgonjwa mwenye kadi akaingia, ukajifunga.