Pepo Aristoti

"Piga magoti, Valère! Njo mara ya mwisho nakuambia!"

"Juu ya nini, Papa Pasta? Nimeiba? Nimemupa mutoto wa muntu mimba?"

Sauti zilitoka mpaka nje ya biro ya parokia ya Kilutheri, wanakwaya wakaacha kuimba ili wasikie vizuri. Pasta Kyungu alikuwa amesimama nyuma ya meza, shingo imevimba. Pembeni Mama Émérence, mukubwa wa wamama wa maombezi, alikuwa amekwisha kuvua viatu. Huyo mama akivua viatu, ujue kuna pepo wa kufukuzwa.

Na pepo mwenyewe nani? Aristoti! Valère alikuwa ametoka kumaliza sekondari, latini-filo, masomo ya Kilatini na filozofia. Jumamosi aliwafundisha vijana wa parokia namna huyo Mugiriki wa zamani alivyopanga mawazo, na namna kanisa lilichukua mupango ule kuelezea mafundisho yake. Mama Émérence akapita dirishani, akasikia lile jina, mbio kwa Pasta: mutoto anaita jini.

"Mama, yule ni muntu! Alikufa zamani, hata Yesu hajazaliwa!"

"Mumesikia?" Mama Émérence akapiga makofi. "Anakubali mwenyewe. Anaongea na wafu!"

"Hata Luther alimutukana huyo Aristoti wako," Pasta akadakia.

"Alimutukana, ndiyo, lakini alimusoma kwanza! Na Agano Jipya alilitafsiri toka Kigiriki. Wewe umesoma nini, Papa?"

Pasta akageuka kwanza kuangalia uso wa Mama Émérence. Hapo Valère akaelewa, moyo ukamuwaka: huyu anajua vizuri hakuna jini. Anaogopa tu wamama, maana wao njo wanajaza kanisa.

"Sikia, mwanangu," Pasta akashusha sauti. "Mama akuwekee mikono kidogo tu. Kesho nakupendekeza kwa askofu, unakwenda teolojia. Bila hiyo, hakuna."

Teolojia! Tangu kipaimara hakuota kitu kingine. Akaanza kuinama.

"Na aape," Mama Émérence akaongeza, "hatasoma tena vitabu vya wapagani."

Valère akanyooka kama amechomwa.

"Kila Jumapili unatuhubiria neema ni bure, matendo hayamuokoi muntu. Leo unaniwekea bei! Niache kusoma njo nikubaliwe? Wewe ni Mulutheri gani, Papa?"

"Utakosa masomo, Valère!"

"Nikose!"

Mama Émérence alikuwa tayari amenyoosha mukono, macho yamefungwa, anakemea kwa nguvu. Valère akainama, akapita chini ya mukono ule, akatoka, akabamiza mulango mpaka sima ya ukuta ikadondoka.