Mirehani Miwili

Harufu ilimfikia Magid kabla hajamaliza pampu ya kwanza. Ilipenya kitambaa alichojifunga puani, ikaushinda ukali wa dawa, naye akasimama katikati ya kichaka mkono ukiwa umeganda kwenye pampu. Rehani. Nyumbani kwake hiyo ilikuwa harufu ya mkewe Twaibah, ambaye kila Ijumaa huchomeka vitawi vyake kwenye kilemba. Sasa rehani imefikaje huku, kwenye kichaka cha mizimu iitwayo misambwa, ambako hakuna mwanamume wa kijiji chao cha Wanyange anayekanyaga?

"Bismillahi," akasema, akaendelea kupuliza.

Ndivyo alivyokuwa. Kazi ikishaanza, Magid haulizi. Kuuliza si ujinga, lakini kuna watu wanaoona kuuliza ni kupoteza jua, na jua kwa mpuliza dawa ndiyo kila kitu. Alikuwa akiua magugu kwa watu, kuanzia mashamba ya mahindi ya Nakaloke hadi bustani za majumba ya Jinja, na dawa yake ilikuwa na sharti moja. Ikishalowesha jani inahitaji saa nne za ukavu ili iteremke hadi mizizini. Mvua ikinyesha kabla ya hapo, umefanya kazi bure. Ikipita salama, basi siku ya saba utaona manjano kwenye kingo za majani, na baada ya manjano hakuna mganga. Ndiyo maana kila asubuhi aliitazama mbingu kabla ya kuitazama chai.

Mwenye kichaka, Mzee Kirunda, alitaka kujenga vyumba vya kupangisha.

"Watu yote nakataa, afande," alimwambia juzi. Alimwita afande kwa utani, kama wengi wanavyowatania Wanubi, ingawa mwanajeshi alikuwa babu wa babu yake na Magid mwenyewe hajawahi kushika hata gobori. "Naogopa misambwa. Eti iko watu dogo-dogo nakaa kwa majani, nacheka saa ya mchana. Wewe naogopa?"

"Mimi naogopa Mungu, bwana Kirunda. Na trafiki."

Wakacheka sana. Basi saa moja asubuhi Magid akaingia kwa upande wa ziwani, pampu mgongoni, buti za mpira miguuni, akawa anasonga mbele kuelekea barabarani, akilowesha kushoto na kulia. Humo ndani aliona vipande vya nguo vimefungwa kwenye mashina, chekundu hapa, cheupe pale. Vitu vya waganga, akajisemea. Aliona pia kwamba ardhi chini ya vichaka imefagiliwa, na kwamba mishubiri, mijaja ya kutia kwenye chai na yale majani marefu watu wanayopanda mpakani yanakaa kwa nafasi, mmea na mmea, kama yaliyopandwa kwa mkono. Aliona yote hayo. Mtu anaweza kuona na asione.

Saa tatu, akiwa amebakiza hatua chache kutoka barabarani, mdomo wa pampu ukaziba. Alichuchumaa ausafishe kwa kijiti. Harufu ikamrudia, safari hii mbele ya pua yake. Ulikuwa mrehani uliomfika kiunoni, umejaa maua, unachuruzika dawa aliyotoka kuipuliza. Kwenye shina lake kilifungwa kipande cha kitenge cha manjano chenye tausi wa bluu.

Kitenge kile alikinunua yeye. Alikinunua sokoni Mbale ili Twaibah avae sikukuu ya Idi, akabishana na muuzaji mpaka watu wakakusanyika. Mwaka jana Twaibah alimwambia kimechanika kwenye msumari wa mlango. Magid akaamini, na siku hiyohiyo akaugongomea msumari ule, ukazama wote.

"Magid!"

Kwenye njia alisimama Zaituni, jirani yao anayeanika dagaa waitwao mukene ufukweni, ambaye Magid humwita Mama Siraj. Alikuwa na beseni la samaki kichwani. Aliitazama pampu, akautazama mrehani, na beseni likamtoka. Mukene wakatawanyika njiani wakimetameta, na hakuna aliyeinama kuwaokota.

"Umepuliza wapi? Niambie umeanza hapa. Niambie ndiyo kwanza unaanza."

"Nimeanza ziwani, Mama Siraj. Namaliza."

Zaituni alishika kichwa kwa mikono miwili. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Magid, maana mwanamke yule hata salamu huitoa kwa kelele.

"Mwana asiyetimiza miezi minne tumboni haswaliwi, unajua hivyo? Hana sanda, hana kaburi. Anatoka kwenye beseni, na wanaume mnasema Mungu atatoa mwingine. Sasa sisi tumpeleke wapi? Tunamleta huku. Tangu mama zetu, na mama zao. Tunamlaza, tunapanda mmea juu yake, tunafunga kitambaa cha nguo ya mama asipotee. Mmea ukishika, anaishi humo."

"Lakini... watu wanasema misambwa."

"Tuliwaambia hivyo msije na mapanga!"

"Kwa hiyo si kweli?"

"Nani amesema si kweli?" Sasa kelele zake zilirudi. "Wapo! Pita hapa saa saba mchana, upepo umelala, utawasikia wanachekea kwenye majani. Mimi nimewasikia. Mkeo amewasikia. Wewe leo umewanywesha sumu."

Magid alishangaa kuona vidole vyake bado vinasafisha mdomo wa pampu, vinauzungusha vizuri, vinaukaza. Twaibah alipoteza mimba mbili. Ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, yeye alikuwa Nakaloke kwenye mahindi ya watu. Alirudi siku ya tatu akamkuta mkewe amekaa uani, akasema maneno yaleyale, Mungu atatoa mwingine, kisha akauliza kama kuna chakula. Kilikuwapo. Alikula. Hakuuliza kile kilichotoka kimepelekwa wapi, kama mtu asivyouliza maji ya kuoshea vyombo yamemwagwa wapi.

"Huu ni wa pili," akasema. "Wa kwanza uko wapi?"

"Ziwani. Ulikoanzia."

Saa mbili kati ya zile nne za dawa zilikuwa zimeshapita.

Akavua pampu na kuitupa, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani, akakimbia. "Maji!" alipiga kelele. "Leteni maji! Dawa haijashuka! Tuoshe majani!" Hakujua anamwambia nani. Alichota ziwani kwa buti lake la mpira, akaja mbio, akamwagia mrehani ule wa kwanza, mkubwa kuliko wa pili, kitambaa chake kimepauka hadi rangi haijulikani. Akarudi, akachota tena. Aliyapangusa majani kwa vidole, moja moja, juu na chini. Kila alipogusa, harufu ya Ijumaa ilipanda, na yeye akalia waziwazi kama mtoto aliyepigwa.

Zaituni alikuwa amewaita wenzake. Wakaja na jerikani, masufuria, mabeseni ya kufulia. Magid alidhani watakuja watatu au wanne. Walikuja hadi akaacha kuamini macho yake. Muuza chapati wa njia panda alikuja. Mwalimu wa madrasa ya wasichana alikuja. Bibi mmoja aliyekuwa akimpa Magid embe alipokuwa mdogo alikuja kwa mkongojo, na kikombe kimoja cha maji. Hakuna aliyeuliza njia. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mmea wake, akapiga magoti, akaanza kuosha. Hawa ni wanawake aliowasalimia kila siku ya maisha yake, na hakujua kitu.

Mzee Kirunda alitokea na jazba, kofia mkononi.

"Afande! Mimi nasema ua majani, wewe naosha majani? Hii ni kazi gani?"

Kisha akamwona mkewe. Nabirye, mama wa mapacha wake, alikuwa amepiga magoti kwenye tope na gauni lake zuri la gomesi, mikono yote miwili ikiwa ndani ya mshubiri.

"Nabirye? Wewe nafanya nini hapa?"

"Naosha yangu." Hakugeuka. "Iko ine. Hii ni ya mwisho."

"Ine gani?"

"Baada ya mapacha. Mimba natoka, ine."

Kirunda akakaa kwenye jerikani iliyokuwa karibu.

"Unakalia maji, bwana," akasema Nabirye.

Mzee akasimama. Alizunguka huku na huku na ile kofia, kisha akaivaa, akaibeba jerikani hadi kwa mkewe, akammiminia mikononi polepole. Ilipokwisha, akaenda ziwani kuchota nyingine. Hakuna aliyemsikia akitaja vyumba tena siku ile.

Adhuhuri ilipoingia, hapakuwa na jani lililobaki bila kuoshwa. Magid alikaa chini akiwa na buti moja. Alikuwa na jambo moja zaidi la kufanya, na angependelea kuosha kichaka kingine kizima kuliko kulifanya. Twaibah alikuwa Namatala, Mbale, kwa mama yake, mimba ya tatu ikiwa na miezi mitano, daktari akimtaka asiinue hata ndoo. Akapiga simu.

"Twaibah. Mirehani yako."

Kule nyuma alisikia redio ya mama mkwe.

"Nani amekuambia?"

"Mama Siraj. Nimeipulizia dawa. Wallahi sikujua, Twaibah, tumeiosha, sote tumeosha, lakini ule wa ziwani..."

Simu ikakatika. Alipiga mara nyingi wiki ile. Iliita mpaka ikachoka.

Zikaja siku za kungoja. Magid hakwenda kazini. Asubuhi na jioni alipeleka maji kichakani, akachuchumaa mbele ya mrehani wa ziwani, akakagua kingo za majani. Wanawake nao walikuja kuangalia ya kwao. Hawakumsalimu, wala hawakumfukuza. Siku ya nne mijaja miwili upande wa ziwani ilianza kupauka, na yule bibi wa mkongojo akakaa karibu na mmoja wao mpaka jua likazama. Magid alitaka kumwomba radhi. Alimkaribia, akamletea maji ya kunywa. Bibi akanywa. Ni hivyo tu.

Siku ya sita mrehani wa barabarani ulikuwa mzima, tena umefungua maua mapya. Ule wa ziwani ulikuwa wa kijani bado. Magid alirudi nyumbani na tumaini lililomtia aibu, akala chakula cha moto kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku ya saba, manjano yakaja. Yalianzia ncha za majani ya juu, membamba kama uzi, na hadi saa nne asubuhi yalikuwa yameshika kingo zote. Magid aliyajua vizuri. Miaka kumi watu walikuwa wakimshukuru kwa sababu ya rangi ile. Alikuwa bado amechuchumaa pale aliposikia hatua nyuma yake, nzito, za mtu anayepumzika kila baada ya kidogo.

Twaibah alikuwa ametoka Mbale na taksi ya alfajiri, tumbo mbele, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Uso wake ulikuwa umevimba. Magid alisimama.

"Mama ameniruhusu?" akasema kabla mumewe hajauliza. "Hakuniruhusu. Sogea."

Akasogea. Twaibah alijishusha taratibu, mkono mmoja mgongoni, mpaka akakaa chini kabisa. Hakupiga kelele. Aliligeuza jani moja la manjano, akalitazama upande wa chini, akalirudisha lilivyokuwa, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mwingine?"

"Mzima. Una maua."

"Huyu ndiye mkubwa," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa anacheka."

Maneno ya kuomba radhi ambayo Magid alikuwa akiyapanga siku saba yalimtoka yote kichwani. Alichoweza ni kuuliza, na hata hilo alilifanya kwa shida, kwa sababu hakuwa na mazoea.

"Ulimpa jina?"

Twaibah alikinyoosha kile kitambaa kilichopauka shinani. Huko Wanyange, mwanamume asiye na mtoto haitwi Baba Fulani, huitwa kwa jina lake hadi mvi, na watu wakamtania. Miaka sita ya ndoa yeye alikuwa Magid tu, kwa jirani, kwa muuza duka, kwa mke.

"Nilimpa la mama yako," Twaibah akasema. "Juwairiya."

Upepo ulikuwa umelala. Ziwani mtu alipiga kasia mara mbili, akaacha. Magid alitazama lile jani, kisha mikono yake, na akaona haya kuwa nayo.

Twaibah akanyoosha mkono bila kumtazama, kiganja juu, kuelekea kwenye jerikani.

"Leta maji, Baba Juwairiya."

Akaleta. Mwanamke akamwagilia shina polepole, bila haraka yoyote, mpaka udongo ukashiba na kuanza kuyarudisha.