Saba Mara Nane

Wanafunzi wa jioni walimwita Bi Kamera, na jina lilimkaa sawasawa. Tangu ugonjwa ufunge shule, mwalimu huyu wa hesabu alifundisha watu wazima kumi na wanane kwa video ya simu, na sheria yake ilikuwa moja: asiyeonyesha uso, hayupo. Ukikosekana mara tatu, jina linafutwa.

"Nitajuaje kama mnaelewa, nisipowaona macho?" alizoea kusema. Kila alfajiri aliwaombea mmoja mmoja, kwa jina.

Jioni moja, kwa mara ya tatu, kioo cha mwanafunzi mmoja, mwanamke mshonaji, kilikuwa cheusi.

"Mama, fungua kamera au nakufuta."

"Mwalimu, nakusikia vizuri hivi hivi," sauti ilinong'ona. "Nihurumie."

"Una nini cha kuficha, ndevu?"

Wenzake wakacheka. Mshonaji akafungua.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi kufumba. Kabla Bi Kamera hajameza mate, mlango nyuma yake ukafunguka, mume wa mshonaji akaingia. Akatazama simu, akaona nyuso za wanaume.

"Nilikukataza nini mimi?"

Akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye cherehani. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ilisikika kama kibuyu kikipasuka, na damu ikarukia kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

"Hiyo ni nyumba ya tatu kutoka kwangu!" alipiga kelele seremala, mwanafunzi mwenzake. "Mwalimu, mshikilie huyo!" Kiti chake kikabaki kitupu.

Amshikilieje mtu kwa simu? Mume alikuwa ameshaokota mkasi. Bi Kamera akaomba kwa pumzi moja, Mungu wangu, nipe mdomo, kisha akafoka:

"We bwege! Saba mara nane ni ngapi?"

Mkono ukasimama hewani. "Unasemaje?"

"Hujui! Mkeo anajua. Ndiyo maana unampiga."

"Nani hajui?" Akaiinamia simu, mate yakirukia kioo. "Hamsini na... hamsini na nne!"

"Uongo! Rudia!"

"Nitakufuata huko huko, kibibi wewe, nikukate huo ulimi!"

"Njoo. Lakini hesabu kwanza."

Mlango ukavunjika. Mkasi ulizama begani mwa seremala, lakini nyundo yake ilishuka kwenye kifundo cha mkono wa yule mume, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Simu ikaanguka kifudifudi. Vishindo, yowe, kisha kimya.

Nyuso kumi na sita zilibaki zikitazamana. Hakuna aliyekata simu. Waliomba pamoja, kila mtu kwa imani yake, mpaka seremala alipoiokota simu ya mshonaji.

"Anapumua. Taya limevunjika. Mume tumemfunga kamba na majirani, polisi wako njiani."

Shule ilipofanya mkutano wa walimu, mkuu alimsifu Bi Kamera. "Darasa lako peke yake nyuso zote zilionekana. Hebu wape wenzako siri."

"Nilimvunja taya mwanafunzi wangu," alijibu. "Mkono ulikuwa wa mumewe. Sheria ilikuwa yangu." Akaketi.

Wiki ya sita baada ya kipigo kile mshonaji alirudi darasani, akiwa kwa dada yake. Kioo chake kilikuwa cheusi. Bi Kamera alisoma majina, akafika kwake, na habari ya kamera hakuigusa.

"Upo, mama?"

Taya lilikuwa bado limefungwa kwa waya. Cherehani ndicho kilichojibu, mishono mitatu minne, kikanyamaza.

Bi Kamera akaandika: yupo.